Rangi ya Gari la Mkunga

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesema uongo mbele ya watu saba, na wote saba wameniamini. Naandika kwenye daftari langu la zamani la vipimo kwa sababu hakuna mtu anayelifungua. Kwa mdomo siwezi.

Ilikuwa hivi. Gari la Mkunga limeingia gereji asubuhi, likivutwa kwa kamba, mwenyewe kwenye usukani, amekaa wima, mkoba mapajani. Gari la mwaka sitini na saba! Vioo vizima, viti vimeshonwa na kushonwa tena — lakini bodi, jamani. Kutu chini ya milango, boneti imechubuka, rangi imebaki kwa heshima tu. Miaka thelathini alikuwa anakwenda nalo kuzalisha. Wanangu wawili wa mwisho walizaliwa salama kwa sababu gari hili liliwaka siku hiyo. Kwa hiyo kwangu yeye ni Mama, na yeye anajua.

Anataka rangi yake ya kwanza. Si inayofanana nayo, akasema. Yenyewe. Halafu akauliza lile swali ninalolikimbia tangu Januari: fundi, utatumia rangi ya kampuni gani?

Hapa kwetu za maana ni mbili. Kuna kopo jekundu, analouza shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtaa wa nyuma. Hiyo inachanganywa kwa mkono, tone kwa tone, mimi nimesimama pembeni nasema ongeza, punguza, hapohapo. Na kuna kopo la bluu, la duka jipya lile lenye kiyoyozi, linalochanganywa na kompyuta kwa namba. Kopo jekundu nimelitumia miaka ishirini na miwili. Hili jina wanaloniita, Jicho, nimelipatia kwenye kopo jekundu.

Nikasema: kopo la bluu, Mama. Jekundu siku hizi limechakachuliwa.

Nyundo, fundi wetu wa kunyoosha bodi, alitoa macho. Akauliza, tangu lini? Nikamwambia anyooshe bodi, rangi aniachie mimi. Watu wakacheka. Mkunga akasema sawa, wewe ndiye mjuzi.

Si kweli. Rangi ya shemeji haina kosa hata moja.

Jumanne, 4 Machi

Niandike yote basi, maana nusu nusu ni unafiki mwingine.

Pikapu ya mwoka mikate ndiyo iliyoanzisha haya. Januari nilimpigia mlango mmoja tu, rangi nyeupe. Nilimaliza, nikaupigapiga kofi kama kawaida yangu, nikampa gari lake. Kesho yake akarudi amevunjika mbavu kwa kicheko. Fundi, umenigeuza keki! Gari jeupe, mlango rangi ya siagi! Kila mtu aliyekuwepo akaona. Jua lilikuwa kali, saa sita kasoro. Nikatazama mlango, nikatazama bodi, nikarudia. Kwangu vyote vilikuwa kitu kimoja!

Pale pale ningesema: sioni. Neno moja. Badala yake domo langu likasema: rangi siku hizi mbovu, wanachanganya na sijui nini.

Basi. Tangu siku hiyo naona bluu imekuwa kijivu, nyeupe imekuwa kama karatasi ya zamani, na taa za magari zina ukungu. Sijamwambia mtu. Fundi rangi asiyeona rangi ni nani? Miaka hamsini na sita, nianze kuosha magari? Kopo la bluu ninalipenda kwa sababu moja: lina namba. Unatoa namba, mashine inatoa rangi, hakuna anayekuuliza macho yako yanasemaje. Ndiyo ukweli wote. Nimempaka shemeji matope ili mimi nijifiche nyuma ya kompyuta.

Na nimefanya hivyo kwa macho makavu.

Alhamisi, 6 Machi

Tumelikwangua gari la Mkunga. Nyundo alifungua kibao cha ndani ya mlango wa nyuma, mahali ambapo jua halijawahi kufika, akapiga yowe. Njoo uone, bluu yenyewe hii! Nikasema eeh, safi sana — kabla sijafika. Nilipofika niliona kijivu cha sufuria.

Namba ya rangi haipo. Kibati cha kiwandani kimeliwa na kutu. Nikang'oa kifuniko cha tangi la mafuta, upande wa ndani bado una rangi ya zamani, nikaenda nacho duka la kopo la bluu. Nilikwenda kifua mbele. Mashine itasoma, nimepona!

Binti wa kompyuta akaweka kimashine chake juu ya kifuniko, kikalia. Akasubiri. Akakunja uso. Akasema rangi za zamani hivi mashine haina uhakika nazo, inatoa tatu zinazokaribiana. Akanichanganyia zote tatu, kidogo kidogo, akapaka kwenye kadi, akazipanga mbele yangu.

Haya fundi, chagua. Hapo sasa ni jicho lako tu.

Ardhi ingepasuka ningeshukuru. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akacheka kwa adabu: mimi nikuchagulie wewe? Shikamoo zako, mzee! Jina lako tunalisikia hadi huku.

Nikasema nitazijaribu kwenye bati, siwezi kuamua kwa kadi. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia mwenzake, umeona? Hao ndio mafundi wa kweli. Nimerudi na vikopo vitatu na mgongo umelowa jasho.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amekuja gereji.

Nilimwona mlangoni nikaanza kutafuta msasa ambao ulikuwa mkononi mwangu. Nilijua habari zimemfikia, Nyundo hawezi kukaa na neno tumboni. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilitaka ugomvi! Angenitukana ningekuwa na pa kushika.

Hakutukana. Alisalimia, akauliza hali ya dada yake, akakaa juu ya tairi. Akasema: shemeji, mbona hukuniambia mimi kwanza? Nimesikia barabarani kwamba rangi yangu ina kasoro. Sikukasirika. Nilirudi dukani nikafungua kila kopo, nikakaa nayo mchana kutwa, sikuona kitu. Lakini nikajisemea, mimi ni nani? Kama wewe umeiona, ipo.

Kisha akaniambia amerudisha maboksi sita kwa msambazaji. Amemwandikia barua kwamba anamletea mali iliyochakachuliwa. Wamefanya kazi pamoja miaka yote hii, na sasa hawasemezani — kwa neno langu! Neno nililolitoa ili kumkwepa mwoka mikate!

Nikamwambia, labda ungesubiri kidogo. Akasema: nisubiri nini, wewe hujawahi kukosea.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Hatua kama mia hivi. Kila hatua nilisema sasa. Sikusema.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu aliniomba beseni la kijani uani. Nikampelekea. Akalitazama, akanitazama. Akauliza, umechoka? Nikasema eeh. Akaenda kulichukua la kijani mwenyewe.

Kaka yake amekonda, anasema. Eti dukani watu wanapita wanachungulia halafu wanaendelea. Akaniuliza kama najua kinachomsumbua.

Nilisema biashara ni ngumu kwa kila mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimepiga zile rangi tatu kwenye vipande vya bati, nikaviegemeza ukutani nje, nikasimama mbele yake mikono nyuma, kama mtu anayefikiria. Kijivu, kijivu, na kijivu.

Nikajitia mwalimu. Nikamwita Nyundo: haya, leo nakupa mtihani, ipi ndiyo rangi ya gari? Akasema mtihani gani huu, ya kushoto, kipofu ataiona! Akacheka. Na mimi nikacheka, nikamwambia umefaulu.

Nusu saa baadaye nikaanza kuwaza: je, kama alikuwa ananitania? Nyundo ni mtu wa mzaha. Nikavibadilisha vipande mahali, nikamwita tena. Akanitazama. Akasema sasa ni ya kati, kaka, wewe una nini? Nikamwambia nilitaka kuona kama anabahatisha.

Ndipo nilipofikia. Namchezea mchezo wa watoto mtu niliyekula naye sahani moja miaka kumi na minne.

Jioni akaniambia kitu kingine, akifunga vyombo vyake. Hata hiyo iliyo karibu haijafika. Ina ubaridi fulani. Shemeji yako angekaa na hicho kifuniko muda wa kunywa chai tu, angekuletea yenyewe. Nikasema ndiyo, lakini makopo yake mabovu. Mara ya tatu hiyo. Sasa inatoka yenyewe, hata siisukumi.

Jumatano, 12 Machi

Mkunga amekuja kuona kazi. Gari lina praima tu, ile rangi ya chini, limepauka lote, milango imevuliwa. Alilizunguka akiligusa. Akasimulia wanawake walivyokuwa wakichungulia dirishani wakiona bluu inakata kona, wanamwambia mume, nyamaza, amekuja. Akasema: ndiyo maana nataka yenyewe, fundi. Watu hawakumjua dereva, walijua rangi.

Nikamwonyesha kile kipande alichochagua Nyundo. (Nilikiwekea alama ya msumari kwa nyuma.) Akakitazama kwa muda, akasema mh. Karibu. Lakini ingekuwa mwaka juzi, ningekwambia hapohapo piga. Nilikuwa naona kila kitu kama nimevaa glasi ya chai. Nguo za kijani nikidhani za bluu, nagombana na wauza duka! Walinitoa mtoto wa jicho, huku na huku. Watoto wote wale niliowazalisha, wangu wa mwisho akatolewa na daktari wa macho! Asubuhi moja tu, mchana niko nyumbani nauona ukuta wangu una rangi gani. Nililia.

Alicheka mwenyewe. Mimi niligeuka nikafuta macho kwa mkono wa shati. Alikuwa anasema habari zake tu, hakuwa ananichimba — nadhani. Akauliza nina nini. Nikasema vumbi.

Nimekaa nalifikiria tangu hapo. Kumbe ni asubuhi moja! Ugonjwa una jina, una dawa, hata vikongwe wanautania. Miezi miwili hii nimekuwa nalinda siri ambayo haikuwa na aibu ndani yake. Aibu nimeileta mimi, nikaipakia kwenye maboksi sita, nikamtwika shemeji. Daktari wa macho hiyo haitoi.

Nimeamua. Kesho nakwenda kwa shemeji.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikwenda. Alikuwa na mteja. Nikarudi.

Ijumaa, 14 Machi

Msambazaji amekuja mwenyewe, na gari, na maboksi sita. Shemeji akanitumia mtu niende dukani haraka.

Mtu mzima, mpole, shati limepigwa pasi. Ameyapima makopo huko kwake, anasema yako sawa. Lakini hataki kubishana. Anasema kama kuna lililoharibiwa, limeharibikia stoo yake, na mtunza stoo wake, mama mmoja aliye naye miaka kumi na mitano, itabidi aondoke. Akaniuliza kwa upole: fundi, una hakika?

Pale ndipo. Pale! Watu watatu tu, mlango umerudishwa, swali lenyewe limeletwa mezani. Nilifungua mdomo. Shemeji akaniwahi. Akasema: huyu akisema, amesema. Akanishika bega mbele ya mgeni.

Nikafunga mdomo.

Wamepatana hivi. Kesho saa nne asubuhi, hapohapo dukani, msambazaji atapaka kadi nne za rangi nyeupe. Tatu kutoka makopo mapya aliyokuja nayo pia kwenye gari, moja kutoka maboksi yaliyorudishwa. Mimi nitatazama, nitaonyesha ile mbovu. Nikiionyesha, yote yanakwisha: atabadilisha mzigo, ataomba radhi. Nikishindwa, shemeji ndiye atakayeomba radhi kwa barua yake, na msambazaji hatamletea tena kopo. Mwoka mikate amealikwa aje na pikapu yake. Na Mkunga amesema naye atakuja. Gari lake litapigwa rangi itakayoshinda kesho, hataki kusikia jingine.

Maboksi yamelala dukani kwa shemeji. Mimi sijui nitalala wapi, maana kitandani kuna dada yake.

Jumamosi, 15 Machi, asubuhi

Kabla sijatoka mke wangu ameniambia: twende hospitali ya macho wiki ijayo, nimeshauliza siku zao. Amesema hivyo huku anafunga kifungo cha shati langu. Tangu lini anajua? Anasema tangu beseni. Amebaki na hilo wiki nzima, akisubiri niseme mwenyewe. Sikuweza kumtazama.

Jumamosi, palepale dukani kwa shemeji

Niko stoo ya nyuma. Nimekaa juu ya ndoo ya tina, ile ya kuzimulia rangi, daftari gotini. Nina dakika kumi, amesema shemeji. Anawagawia soda huko mbele.

Nilikuja nimejipanga, haki ya Mungu. Nilikuja kusema. Nimefika, uwanja mzima umejaa: mwoka mikate, Nyundo, msambazaji na kalamu yake, mafundi wa mitaa mitatu, hata binti wa kompyuta amekuja kumwona Jicho akifanya kazi. Kadi nne zimewekwa mezani, juani. Nimepita karibu yake nikatazama kwa pembeni. Karatasi moja ya zamani, mara nne.

Nikamwambia shemeji, nina neno nawe kwanza. Akanivuta huku stoo, akafunga mlango. Nikaanza: shemeji, mimi—

Akasema najua. Dada ameniambia juzi.

Nilisubiri kofi, nilisubiri laana. Akanisogelea, akanong'ona. Ni ya pili kutoka upande wa mlango. Usikosee. Ya pili.

Sikumwelewa. Akarudia polepole, kama anavyomweleza mteja mgumu. Jana maboksi yalilala hapa. Alifungua kopo jeupe lililotengwa kwa ajili ya leo, akatia tone la njano, akakoroga. Kidogo sana. Wengine hawataiona mpaka waambiwe, lakini wakiambiwa wataiona. Yeye ameitafuta kwenye zile kadi, ameiona. Ya pili.

Nikamwuliza, na yule mtunza stoo? Akasema atapata kazi kwingine. Alisema haraka. Kisha akasema: shemeji, jina lako likianguka leo, nyumba ile ya dada yangu itakula nini? Mimi duka naweza kufungua jingine.

Huyu ni mtu aliyewahi kufunga duka katikati ya mchana akimtafuta mteja aliyempa kopo lililopungua ujazo. Nimemfundisha mimi. Wiki mbili tu, nimemfundisha.

Akatoka kuwapa soda. Namsikia. Anawaambia nimepumzisha macho, jicho kama lile haliharakishwi. Wanacheka. Sauti ya Mkunga iko juu ya zote, anauliza fundi wake yuko wapi, amechoka kusimama. Mwoka mikate anataka kuondoka na pikapu yake, ana mikate ya kupeleka.

Nikinyoosha kidole, nimepona. Macho yatatibiwa, hakuna atakayejua. Nikisema kweli sasa, si mimi peke yangu tena: kopo lina njano ndani yake, na watauliza nani ameitia.

Amerudi. Amesimama mlangoni na kutabasamu, lakini midomo tu. Anasema twende, wanasubiri. Bado naandika, anadhani napiga mahesabu ya kazi.

Ana doa kwenye kidole gumba, chini ya ukucha. Dogo. Kwangu ni jeupe, lakini kwangu hata siagi ni nyeupe. Nimemwuliza: shemeji, hilo doa ni la rangi gani?

Ameliangalia. Kisha ameuingiza mkono mfukoni.